Paka wa Manjano

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe ishirini na sita mwezi wa tisa, asubuhi, nikiwa nimepiga magoti kwenye karakana yangu nang'oa pini za kochi. Simu ikaita. Alikuwa binti yangu. Binti yangu hapigi simu asubuhi, maana saa hizo yuko kaunta ya duka la dawa na foleni haimpi nafasi hata ya kukohoa.

"Baba," akasema, "nani ameingia kwa mama?"

Mama yake alishatutoka, ule ulikuwa mwaka wa pili. Koleo likanitoka mkononi.

"Kaingia wapi? Kaburini?"

"Kwenye filamu, baba. Kwenye picha yake. Ule mstari haupo."

"Mstari gani?"

"Usinizungushe. Mstari mwekundu chini ya ile katuni yake ya miavuli. Ulikuwa umebakiza kidogo tu. Jana usiku nimefungua, katuni yenyewe haipo pale. Kuna mtu ameimaliza."

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kioo, mwanamke mwenye jibu alikuwa ananyoosha shati jeupe. Mvuke wa pasi ukapanda ukamfunika, ukashuka, nikamwona. Akainua uso akaniona nimeshika simu. Akatabasamu.

"Baba, upo?"

"Nipo, mama."

"Nakuja mchana."

Akakata. Nikarudi kwenye kochi nikang'oa pini nyingine, ikanichoma kidole. Tangu hapo sikutulia. Nilikaa, nikasimama, nikafagia sehemu niliyokwisha kufagia.

Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa mchaguzi wa filamu nyumbani kwetu. Wengine wanachagua kwa mabango, yeye alichagua kwa kazi. Alikuwa akisema, "Filamu ikianza, subiri uone kama kuna mtu anafanya kazi. Kama hakuna anayepika, anayefua, anayegonga msumari, zima. Hao hawana shida, na asiye na shida hana hadithi." Kwa kanuni hiyo alipata filamu nzuri ambazo watu walioenda shule hawakuzijua. Na kwa kanuni hiyo hiyo akaingia kwenye anime, zile katuni za Kijapani, maana huko, alisema, hata mzimu una kazi ya kuamkia.

Mimi shule niliiacha mapema. Maandishi ya chini ya filamu yananikimbia. Nikifika neno la tatu, wao wameshabadilisha. Kwa hiyo mke wangu alinisomea. Tulikaa kwenye kochi la watu wawili, yeye upande wa dirishani, anasoma kwa sauti, na mimi natazama nyuso. Nikizoea filamu moja, wakubwa wa ile programu ya kutazamia filamu wanaiondoa. Hawaulizi mtu. Mwezi ukiisha wanakuandikia kwamba kitu fulani kitaondoka tarehe fulani, kama mwenye nyumba anavyombandikia mpangaji karatasi mlangoni. Wakubwa wote ni wale wale. Hata siku mke wangu alipozidiwa, ile mashine ya hospitali ilikuwepo, umeme ulikuwepo, ila mwenye ufunguo wa chumba alikuwa kwenye mkutano. Mpaka leo sijaambiwa mkutano ule ulihusu nini.

Aliacha katuni ya miavuli ikiwa imebaki sehemu mbili za mwisho. Ilikuwa hadithi ya msichana anayetengeneza miavuli kwenye mji ambao mvua haikatiki. Mtu mmoja aliacha mwavuli kwake utengenezwe, hakurudi kuuchukua. Msichana anafunga duka, anafungua duka, mwavuli unaning'inia pale pale. Mke wangu kila siku alikuwa ananiuliza, "Unadhani atarudi?" Mimi nilikuwa nasema hawezi. Yeye alisema lazima.

Sasa huyu wa ng'ambo. Mtaa mzima unamwita Dobi, na yeye mwenyewe amelipokea. Alifungua duka lake la kufua na kunyoosha nguo wakati mimi bado nafunga karakana mapema, siongei na mtu. Mume alikuwa naye zamani, akamwacha akaenda kuanza maisha na mwingine, yeye akabaki na pasi. Alikuwa anaegemeza simu kwenye chupa ya wanga wa kunyooshea nguo, ananyoosha huku anatazama. Lakini nikimwangalia, naona kidole chake hakiishi kusukuma orodha ya filamu. Anasukuma, anasukuma, anaiacha, anashika pasi, anarudi kusukuma.

Siku moja alinipigia kelele kutoka mlangoni kwake.

"Fundi, wewe huwa unatazama nini?"

"Natazama viti."

"Nauliza filamu. Mimi nachagua mpaka nguo zinaisha. Nikipata, hamu imeshanitoka."

"Mchagua nazi hupata koroma."

"Basi nichagulie wewe, koroma nitakulaumu wewe."

Nikacheka. Ilikuwa siku nyingi sijacheka, hata midomo ilishangaa. Nikavuka barabara kumweleza kanuni ya marehemu, ile ya kazi. Alinisikiliza pasi ikiwa imesimama wima, akaniangalia kwa namna ambayo sikujua niweke wapi mikono.

"Mkeo alikuwa na akili," akasema.

"Kuliko mimi."

"Hilo halina mashindano, Fundi."

Programu yangu niliilipia miaka ile tukiwa wote, na wakubwa wake wanakupa picha chache za watu wa nyumbani. Ukifungua tu, inakuuliza: nani anatazama? Hapo unachagua picha yako. Yangu ni simba. Ya marehemu ni paka wa manjano. Ya binti yangu ni ua, ya wajukuu ni gari. Zimejaa. Nikampa Dobi neno la siri, nikamwambia, "Bonyeza paka." Kwangu kumejaa mieleka, nilimwonea aibu. Kwa paka ndiko kulikuwa na vitu vya maana. Niliona ni kama kumpa mgeni kiti kizuri.

Hivyo ndivyo alivyoikuta miavuli. Mchana wateja wakipungua nilikuwa nabeba kigoda changu nakaa karibu na meza yake, simu iko kwenye chupa ya wanga, yeye ananyoosha na kunisomea. Tulianza upya, tangu sehemu ya kwanza. Mke wangu alikuwa anasoma haraka, kama anayesoma habari. Dobi anasoma taratibu. Maandishi yakimzidi, anasimamisha, ananingoja mpaka nimwangalie, ndipo anaendelea. Kuna mahali msichana wa miavuli anaongea peke yake, anauambia ule mwavuli, "Wewe umepona. Mimi bado."

Dobi akasoma hilo, akaiacha pasi imelala. Shati likaanza kunukia moto.

"Pasi," nikamwambia.

Akainua pasi. Kola ilikuwa na alama ya kahawia. Hakulitazama shati, alinitazama mimi.

"Nitamlipa mwenye shati," akasema. "Nisome tena?"

"Soma tena."

Halafu wakubwa wakafanya yao. Wiki ile ya Alhamisi likatokea tangazo juu ya miavuli: itaondolewa Jumamosi usiku. Tulikuwa tumebakiza sehemu mbili. Jumatano tukatazama moja, tukaapizana kwamba ya mwisho hatutaitazama kwenye simu iliyoegemea wanga. Tutaitazama Jumamosi kwangu, kwenye televisheni, kwenye kochi. Kochi lenyewe nikalibeba kuja karakana ili nilivishe upya. Na nilikuwa na neno la kumwambia tukiwa tumekaa kwenye kochi hilo, neno la posa, ambalo nilikuwa nalitafuna tangu siku ya shati. Sikumwambia binti yangu. Nilikuwa nasubiri siku nzuri. Siku nzuri ndiyo hii sasa, Alhamisi.

Alifika mchana akiwa na koti jeupe la duka la dawa, hata hakulivua. Alisimama mlangoni akaangalia ndani. Nikaona macho yake yametoka kwangu yakashuka kwenye kochi. Lilikuwa mifupa mitupu: mbao, mikanda, springi. Kitambaa cha zamani kilikuwa sakafuni.

"Hili la nyumbani," akasema.

"La nyumbani."

"Sponji ya mama iko wapi?"

Nikamwonyesha rafu ya juu. Sponji ya upande wa dirishani ilikuwa imebonyea katikati, nami nilikuwa nimeiweka juu peke yake, sikuitupa. Aliiangalia. Akakaa juu ya mbao za kochi, springi zikalia.

"Baba, mimi huwa naingia pale kila siku."

"Pale wapi?"

"Kwa paka. Kabla sijalala. Sitazami kitu. Naangalia tu pale alipoishia. Ule mstari mwekundu. Naona kama ametoka mara moja kwenda jikoni, akirudi ataendelea. Hata uliporudi nyuma ukaanza kusogea tena, nilidhani ni hitilafu ya programu." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Jana nimeingia, miavuli hakuna. Chini wameniandikia, 'Kwa kuwa umeimaliza, tunakupendekezea hizi.' Wamenipendekezea mapenzi ya watu wazima, baba. Wanampendekezea mama yangu."

"Hao wakubwa hawana adabu."

"Usinitajie wakubwa. Mimi nakuuliza wewe. Ni nani?"

Nilikuwa na uongo mdogo mdomoni, lakini macho yangu yakanisaliti, yakavuka barabara. Naye akayafuata.

"Yule anayefua?"

"Dobi. Ndiyo."

"Kumbe shangazi alisema kweli. Aliniambia baba yako siku hizi nguo zake zimenyooka kupita kiasi, nikamwona mbea." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Umemweka mtu kwenye kitanda cha mama."

"Kitanda gani? Ni simu ile, mama."

"Kwako ni simu."

"Nisingejua. Ungeniambia kwamba unaingia."

"Na wewe ungeniambia kwamba umetoa funguo."

Tukatazamana, kila mmoja na kosa la mwenzake mkononi. Kivuli kikaziba mlango. Dobi mwenyewe, na shati langu la kazi mkononi, limekunjwa, bado lina joto. Alikuwa ametuona kupitia kioo na nadhani alielewa nusu.

"Shikamoo... hapana, wewe ndiye unipe," akamwambia binti yangu akijaribu kutabasamu. "Karibu, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

"Haya. Karibu, dada wa dukani."

"Umeimaliza katuni ya mama yangu."

Dobi akanitazama. Nikainamisha kichwa. Alikuwa mtu mzima, akaona haraka kile ambacho mimi sikukiona miezi yote.

"Kumbe yule paka ni yeye," akasema polepole. "Fundi, uliniambia bonyeza paka. Hukuniambia paka ni nani."

"Nilidhani unajua."

"Ningejuaje? Pale hakuna jina. Mimi nilidhani ni paka wa wageni."

"Sasa umejua," binti yangu akasema. "Na umemaliza. Basi niambie mwisho wake. Mama alikufa hajui. Mimi sikutazama kwa sababu yeye hakutazama. Wewe umeona. Mwenye mwavuli alirudi?"

Sauti yake ilianza kama kofi ikaishia kama ya mtoto. Dobi akaliweka shati juu ya mbao za kochi.

"Sijui," akasema.

"Mstari umeisha."

"Mstari umeisha lakini sijui. Jana baba yako alipoitwa na mteja, mashine yangu ya kufulia kule nyuma ikatapika maji. Nikakimbia na ndoo. Simu nikaiacha kwenye chupa. Hiyo programu haingoji mtu, sehemu ikiisha inaanzisha nyingine yenyewe. Nimerudi nimelowa mpaka magotini, nakuta majina ya walioitengeneza yanapanda. Nikaifunika kifudifudi. Sikutaka hata kuona jina la mwisho. Tuliapizana."

"Mliapizana nini?"

"Muulize baba yako. Mimi nimeacha pasi kwenye moto."

Alifika mlangoni akageuka. Hakunitazama mimi, alimtazama binti yangu.

"Samahani, mama. Ningejua kuna mtu anakaa pale, ningebisha hodi."

Akavuka barabara. Alitembea haraka, kisha polepole, kisha haraka tena.

Binti yangu alikaa muda akiangalia shati lile. Alipitisha kidole kwenye kola, ambayo ilikuwa imenyooka kuliko ilivyonyooka siku niliyolinunua shati.

"Hajadanganya," akasema.

"Umejuaje?"

"Mtu anayejua mwisho huwa anashindwa kunyamaza. Kule dukani nawaona kila siku. Aliyetazama hawezi kuvumilia." Akavuta pumzi. "Mliapizana nini?"

Nikamwambia. Jumamosi, televisheni, kochi. Nikamweleza pia kwamba mimi sijui kusoma maandishi yale ya haraka na mama yake alikuwa ananisomea. Hilo hakulijua. Watoto wanadhani wazazi wanaongea kwa sauti kwenye filamu kwa sababu ya ukorofi tu.

"Na yeye anakusomea?"

"Ananisomea."

"Kama mama?"

"Hapana. Mama yako alikuwa anakimbia, mimi namfuata nyuma. Huyu ananingoja."

Nikaogopa kwamba nimeharibu zaidi. Lakini alitoa simu yake akafungua ile programu. Ikauliza kama kawaida, nani anatazama. Simba, paka, ua, gari.

"Ingekuwa rahisi wangeongeza nafasi," nikasema. "Hao wakubwa..."

"Baba, waache wakubwa. Si wao waliotoa sponji." Kisha kwa sauti ya chini, "Jumamosi usiku wanaitoa miavuli. Ikishatoka, mama hatajua kabisa."

"Hatajua, lakini sisi tutajua."

"Sisi nani?"

Nikatazama ng'ambo ya barabara. Akainuka, akajipangusa vumbi la sponji kwenye koti, akatoka. Nikadhani anarudi kazini. Kumbe anavuka barabara. Nikamfuata na koleo mkononi kama mtu anayekwenda kuamua ugomvi wa watu wasiogombana.

Dobi alikuwa ananyoosha shuka kubwa, amelikunja mara nyingi. Hakuinua uso.

"Jumamosi njoo," binti yangu akamwambia. "Na mimi nitakuwepo. Utasoma kwa sauti, nisikie baba alikuwa anasikiaje."

Pasi ikaenda, ikarudi.

"Mwanangu..." Dobi akasita. "Samahani. Dada."

"Iache tu hiyo ya kwanza."

"Mwanangu, nitakuja. Kukaa pembeni ya baba yako si kazi ngumu, nimekwisha kuzoea, hata kigoda chake kimechimba sakafu yangu." Hapo akanitazama kidogo, na mimi damu ikanipanda mpaka masikioni. "Lakini kwa paka siingii tena. Ile ni nyumba ya mtu. Ua ni lako, gari ni la watoto."

"Imebaki ya simba," binti yangu akasema.

"Simba ni ya baba yako. Mtu haingii kwa simba kwa kupewa neno la siri tu. Anaingia kwa kuitwa." Akasimamisha pasi wima. Ikafuka mvuke, ukamfunika uso, na sauti ikatoka humo ndani bila ukali wowote. "Kwa hiyo nyie wenye nyumba mniambie. Jumamosi mimi nikifika, kile kitu kikituuliza nani anatazama, mimi nibonyeze nani?"

Binti yangu akanigeukia. Mimi nikamgeukia yeye. Koleo lilikuwa zito mkononi, na lile neno nililolitafuna tangu siku ya shati lilikuwa limefika kwenye meno. Mvuke ukashuka. Dobi alikuwa bado anatuangalia, mmoja baada ya mwingine, anangoja, kama anavyongoja siku zote maandishi yanaponikimbia.